Pwani Wakati wa Baridi: Gharama Isiyoandikwa Kwenye Tiketi

Apollo Beach, karibu na Tampa katika jimbo la Florida, kuna kivutio cha utalii ambacho hakuna mtu wa matangazo angekibuni. Ni kituo cha kufua umeme cha Big Bend. Mabomba ya moshi yamesimama nyuma, na mbele yake, kwenye mfereji unaopokea maji ya uvuguvugu yaliyotoka kupoza mitambo, nguva wamelala kwa mamia, migongo ya kijivu ikichomoza juu ya maji. Watu wamejipanga kwenye jukwaa la mbao wakitazama. Jukwaa hilo limekuwa likipokea wageni tangu mwaka 1986, na hufunguliwa kuanzia Novemba hadi katikati ya Aprili. Nguva hawakufuata kiwanda. Mwili wao, hata ukifika kilo 450, hauna tabaka nene la shahamu la kuzuia baridi. Maji yakikaa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa siku kadhaa, wanaugua na kufa.

Mandhari hiyo ya moshi na nguva inafuta dhana moja tamu inayopendwa na vipeperushi vya utalii, kwamba wanyama wanaohamia pwani za kusini majira ya baridi wako likizo kama wageni wanaokuja kuwatazama. Likizo gani? Wamebanwa. Wengine hawali kabisa kwa wiki nyingi, wengine wanakula kidogo kuliko wanachokitumia, wengine wamekwama kwenye dimbwi la joto kwa sababu hatua chache nje yake kuna kifo. Mgeni mwenye kamera anaingia katika maisha yao wakati ambao wana uwezo mdogo kabisa wa kumvumilia.

Pamoja na hayo, bado naamini baridi ndiyo majira bora ya kwenda pwani. Kila Novemba misafara ya karavani, yaani magari yenye vyumba vya kulala, huteremka kutoka Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani kuelekea Florida, Texas na California. Wengi ni wastaafu. Raia wa Kanada kwa kawaida huruhusiwa kukaa Marekani kama mgeni hadi miezi sita, na wapo wanaoitumia karibu yote. Wanakuta miji iliyokuwa imefurika kelele na foleni kiangazi sasa imetulia. Ufukwe uko wazi, mwenye mgahawa ana muda wa mazungumzo, na uwanja wa karavani ukikodiwa kwa mwezi mzima gharama ya kila usiku hushuka sana. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huwa umefungwa rasmi tarehe 30 Novemba. Kisha kuna kile ambacho mgeni wa Julai hakipati kwa fedha yoyote ile: wanyama waliosafiri kutoka Aktiki, Alaska na misitu ya Kanada.

Kukaa muda mrefu kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtu wa saa mbili amelipia boti, ana ndege ya kuwahi, na anadai tukio. Nahodha anajua kwamba asiposogea, abiria watashuka wamenuna. Mtu wa miezi mitatu akimkosa korongo leo atarudi Alhamisi, au atakwenda kutazama mnara wa taa na kusahau. Haraka ndiyo inayosukuma boti hadi mdomoni mwa mnyama, na mkaaji wa msimu mzima hana haraka. Wengi wa aina hii ndio wanaojaza vikosi vya hesabu ya ndege ya Krismasi, desturi iliyoanza mwaka 1900 kwa wazo la Frank Chapman kwamba watu wahesabu ndege siku ya sikukuu badala ya kushindana kuwapiga risasi. Siku hizi hesabu hiyo hufanyika kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari, na mtu aliyeutazama ufuo uleule tangu Novemba ana thamani kubwa kwenye kikosi kuliko mpita njia mwenye darubini ghali.

Lakini hata mkaaji mstaarabu anahitaji kipimo. Kipimo kinachotajwa kila mahali ni umbali: simama mita kadhaa, usiguse, usilishe. Ni kipimo kizuri, na ni rahisi kukiandika kwenye kibao. Nadhani kuna swali linalotangulia lile la umbali. Nani amemsogelea nani, na ni nani anayelipa kwa nguvu za mwili wake?

Mfano ulio wazi zaidi ni sili tembo wa Piedras Blancas, pwani ya kati ya California. Wanyama hawa waliwindwa kwa ajili ya mafuta yao mpaka mwishoni mwa karne ya 19 wakabaki wachache sana, wamejificha kwenye kisiwa cha Guadalupe cha Mexico. Serikali ya Mexico iliwapa ulinzi mwaka 1922, wakaanza kuongezeka na kutawanyika kuelekea kaskazini. Piedras Blancas walifika mwaka 1990, mtoto wa kwanza akazaliwa hapo 1992, na sasa ni maelfu. Madume huwasili Desemba, mengine yakiwa na uzito wa zaidi ya kilo 2,000, na hukaa hadi miezi mitatu bila kula chochote, yakipigania sehemu ya mchanga. Jike huzaa Januari na kunyonyesha kwa takriban wiki nne, naye pia bila kula. Anaondoka amepoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na shahamu yote hiyo imehamia kwa mtoto.

Ukiijua hesabu hiyo, tabia ya watu katika miaka ya mwanzo inatisha. Ufukwe uko kando kabisa ya barabara kuu namba 1, na watu walikuwa wakishuka kwenye magari na kutembea katikati ya sili. Dume likishtuka na kukimbilia upande mmoja, lina uwezo wa kumponda mtoto aliyelala njiani bila hata kuhisi. Jike likiinua kichwa na kukoroma kila dakika kumi kwa sababu ya mgeni mpya, linachoma akiba ambayo halina namna ya kuirudisha mpaka lifike tena baharini. Suluhisho lilikuja bila mbwembwe: uzio, njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ufukwe, na watu wa kujitolea wenye makoti ya buluu wanaoeleza kinachoendelea pale chini. Hakuna tiketi. Unasimama mita chache tu juu ya mnyama mwenye uzito wa gari, naye hakujali, kwa sababu amejifunza kwamba viumbe wa juu ya mbao hawashuki. Kilomita chache kusini, juu ya kilima, kuna Hearst Castle, jumba ambalo Julia Morgan alimchorea tajiri wa magazeti William Randolph Hearst, na huko watu hulipa ili kuona bwawa la kuogelea lililojengwa kwa marumaru. Sina ugomvi na marumaru. Ila ukiwa na siku moja tu, usianze na kilima.

Angalia kilichotokea hapo. Umbali ni mdogo kuliko vibao vingi vinavyoshauri, ila mnyama halipi chochote.

Nguva wanatupa mtihani mgumu zaidi, kwa sababu Florida ina majibu mawili yanayopingana. Blue Spring, chemchemi iliyo bara kidogo kutoka pwani ya mashariki, hutoa maji ya nyuzi 22 mwaka mzima. Nguva wakiingia majira ya baridi, watu hufungiwa nje ya maji: hakuna kuogelea, hakuna boti, ni kutazama tu kutoka kwenye njia ya mbao. Muongo wa 1970 walikuwa wakihesabiwa hapo makumi machache. Januari 2024 walihesabiwa zaidi ya 900 kwa siku moja. Upande wa pili, pwani ya magharibi, kuna mji wa Crystal River, ambako uchumi wa majira ya baridi umejengwa juu ya ruhusa ya kuingia majini pamoja nao. Kuna maeneo yaliyozungushiwa kamba kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Machi ambayo binadamu haruhusiwi kukanyaga, na siku za baridi kali hata chemchemi maarufu za Three Sisters hufungwa kwa waogeleaji.

Watetezi wa Crystal River husema mtu aliyetazamana na nguva uso kwa uso atapiga kura tofauti maisha yake yote. Inawezekana. Wana pia ushahidi wa mikono: tangu katikati ya muongo wa 2010 ghuba ya mji huo imekuwa ikifyonzwa mwani na tope na kupandwa nyasi upya, kazi iliyosukumwa na wakazi na kulipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za jimbo, na nguva wameitikia kwa kuja kula. Hata hivyo, nikipewa kuchagua, nachagua njia ya mbao ya Blue Spring. Sababu yangu haihusu waogeleaji wabaya, maana wengi huelea kimya na kufuata maelekezo. Inahusu idadi. Mwogeleaji mmoja mpole ni kitu kidogo, lakini boti ya kumi asubuhi ileile ni kitu kingine, na nguva aliyeamua kuondoka hapo anatoka kwenye joto na kuingia kwenye baridi. Hana pa kuhamia. Mahali penye mlango mmoja tu, mgeni hapaswi kusimama mlangoni.

Sasa nije kwenye mfano unaoonekana kuivunja hoja yangu yote. Nyangumi wa kijivu hutoka bahari za Bering na Chukchi na kusafiri mpaka mahori ya Baja California nchini Mexico kuzaa na kulea, safari ambayo kwenda na kurudi hufika kilomita 16,000 au zaidi. Wavuvi wa hori la San Ignacio waliwaogopa kwa vizazi, kwani wawindaji wa karne ya 19 waliwaita nyangumi hawa mashetani kwa jinsi mama alivyogeuka na kuvunja boti. Mwaka 1972 mvuvi Francisco Mayoral, aliyejulikana zaidi kama Pachico, alikuwa kwenye boti yake pale nyangumi alipokuja chini yake na kukataa kuondoka. Mwishowe akanyoosha mkono akamgusa. Leo watu hutoka mabara yote kwa ajili ya mguso huo. Mama huleta mtoto kando ya boti, mtoto huinua kichwa, watu husugua ngozi yake.

Mtu wa kanuni ya umbali atashtuka. Mimi sishtuki, kwa sababu hapa jibu la swali langu limegeuka: nyangumi ndiye anayesogea. Boti huingia eneo la kutazamia kwa idadi yenye kikomo, nahodha hupunguza mwendo na kungoja, na nyangumi asiyetaka watu ana hori zima la kukaa mbali nao. Mama huyu naye yuko kwenye mfungo wa karibu msimu mzima, kwa hiyo kumfukuza kwa injini kungekuwa wizi wa wazi. Kumngoja si wizi. Na waongozaji ni wavuvi wa pale pale, jambo lililoonyesha uzito wake serikali ya Mexico na kampuni ya Mitsubishi zilipotaka kujenga mtambo mkubwa wa chumvi kwenye hori. Mpango huo ulipingwa ndani na nje ya nchi kwa miaka, na Rais Ernesto Zedillo akaufuta Machi 2000.

Ningependa kuishia hapo, maana ni hadithi nzuri. Tatizo ni kwamba nyangumi wa kijivu wa mashariki mwa Pasifiki walikadiriwa kuwa takriban 27,000 mwaka 2016, na kufikia 2023 makadirio yalikuwa yameshuka hadi karibu 14,500. Wengi waliokufa walikutwa wamekonda. Chakula chao kiko Aktiki, kwenye matope ya sakafu ya bahari ambayo barafu yake inabadilika, na nahodha mwenye adabu kuliko wote San Ignacio hana la kufanya kuhusu hilo.

Hapo ndipo adabu ya mgeni inapofika mwisho wa kamba yake. Tunaweza kuweka njia za mbao pwani yote na bado tukampoteza mnyama, kwa sababu kilichomleta hakiko ufukweni. Korongo mweupe wa Amerika ndiye anayelionyesha hili kwa ukali zaidi. Ndege huyu, mrefu kuliko wote Amerika Kaskazini kwa karibu mita 1.5, alibaki na idadi ya ishirini na kitu tu porini mwaka 1941. Kundi lililomwokoa hutaga katika hifadhi ya Wood Buffalo nchini Kanada na kuruka takriban kilomita 4,000 hadi vinamasi vya Aransas, Texas, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1937. Sasa kundi hilo limepita 500. Miji ya Rockport na Port Aransas imejengea msimu wake wa baridi juu ya ndege hawa: boti za asubuhi, tamasha la Februari, na katikati ya ziara watu hupelekwa Goose Island kuona mwaloni unaokadiriwa kuishi zaidi ya miaka 1,000, ambao ulisimama hata pale kimbunga Harvey kilipoupiga ukanda huo Agosti 2017.

Korongo hawa hula kaa wa buluu na matunda madogo mekundu ya kinamasini. Kaa huyo anataka maji ambayo chumvi yake imepunguzwa na mto. Wakati wa ukame wa 2008 na 2009, maji ya mito ya Guadalupe na San Antonio yaliyofika ghubani yalipungua, chumvi ikapanda, kaa na matunda vikaadimika. Kisha likaja lililo baya zaidi kwa mnyama anayeishi kwa akiba: maji ya kinamasi yakawa na chumvi isiyonyweka, na korongo wakalazimika kuruka kila siku kwenda bara kutafuta maji ya kunywa. Ndege 23 walikadiriwa kufa msimu huo. Kesi ikafunguliwa dhidi ya mamlaka ya jimbo inayotoa vibali vya kuchota maji mitoni. Mwaka 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba mamlaka hiyo imevunja sheria ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo, ikisema uhusiano kati ya kibali cha maji na kifo cha ndege uko mbali mno. Sheria ina vipimo vyake. Ila kwa aliyewahi kusikia nahodha akieleza kwa nini korongo fulani hayupo leo, uhusiano huo hauko mbali hata kidogo.

Florida nayo ilipata somo lake mwaka 2021, nguva zaidi ya 1,100 walipokufa ndani ya mwaka mmoja. Hori la Indian River lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya nyasi bahari kwa sababu mbolea na majitaka vililisha mwani, mwani ukaziba jua, nyasi zikafa. Nguva waliojikusanya kwenye joto la mitambo ya umeme wakawa na uamuzi wa kuchagua kati ya njaa na baridi, na majira ya baridi yaliyofuata maofisa walikuwa wakiwatupia saladi kwa tani. Inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya nguva wa jimbo hilo hutegemea maji ya mitambo. Mitambo hiyo inazeeka, na siku itakapozimwa, chemchemi za asili nyingi zitakuwa zimepungua nguvu kwa visima vinavyochotwa bara.

Texas iliona upande wake wa jambo hilo Februari 2021, baridi kali ilipogandisha jimbo zima. Zaidi ya kasa 10,000 walipooza kwa baridi kwenye Laguna Madre na ghuba jirani. Watu wa South Padre Island, wenyeji na wageni wa karavani pamoja, waliwabeba kwa boti na magari ya mizigo mpaka kituo cha mikutano cha mji kikajaa maelfu yao sakafuni, na huku umeme umekatika. Sijui utangazaji gani wa utalii unaoweza kushindana na kazi ile.

Basi fedha. Kila anayelala hotelini Texas hulipa kodi ya malazi, asilimia 6 ya jimbo kabla ya ile ya mji, na sheria inadai sehemu ya mji itumike kukuza utalii na biashara ya hoteli. Kwa hiyo fedha zinazoletwa na korongo hurudi kutangaza korongo. Florida ina busara zaidi kidogo: sheria yake ya kodi ya utalii inaruhusu fedha ziende pia kwenye kurudisha fukwe, milango ya mito na mahori, ingawa matangazo na kumbi za mikutano huwa na watetezi wenye sauti kubwa kuliko nyasi. Na kuna tundu ambalo linanihusu mimi niliyewasifu wakaaji wa muda mrefu: Texas humsamehe kodi hiyo mgeni anayekaa siku 30 mfululizo au zaidi. Mgeni bora kwa mnyama ndiye asiyechangia hata senti kupitia kitanda chake.

Ningeanza na hilo. Mchango mdogo kwa mwezi kwa kila kiwanja cha karavani kwenye kata za pwani, uliofungwa kisheria kununua haki za maji ya mito na kupanda nyasi, bila ruhusa ya kununua hata bango moja. Wenye viwanja watapinga, na hoja yao ina uzito: wateja wao wengi wanaishi kwa pensheni isiyopanda, na kata ya jirani isiyotoza itawavuta. Ndiyo maana mchango huo unapaswa kuwa wa pwani nzima, kutoka mpaka wa Louisiana hadi mdomo wa Rio Grande, ili hakuna kata itakayopata faida kwa kuukwepa. Wakulima na miji ya juu ya mto watauliza kwa nini wauze maji yao kwa ajili ya ndege wasiowaona, na watatakiwa kulipwa bei ya kweli, si ya huruma. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Januari, wakati uleule ambao korongo wako kinamasini na viwanja vya karavani vimejaa.